Ibara ya Watoro

Jumatano, 14 Januari 2026

Leo nimeamua. Ntakuwa Rais.

Si wa hapa, hasha, hapa pana wenyewe. Rais wa Jamhuri ya Urojo, nchi yetu ya kwenye simu. Iko ndani ya mchezo unaoitwa Madola: watu wanajikusanya, wanaunda nchi, wanatunga sheria, wanatozana kodi isiyolipwa, wanagombana kweli kweli. Junaid ndiye aliyeiasisi, tumekaa kibarazani Kikwajuni tunakula urojo. Bendera bakuli la manjano, bajia katikati. Raia wako Unguja, Pemba, Maskati, mpaka Kanada huko kwenye barafu.

Junaid kafa mwezi uliopita. Moyo. Alikuwa anafunga kamba za viatu, akainama, hakuinuka. Rafiki yangu tangu chuoni, chuo cha Kurani, tangu tunagawana bakora za Mwalim. Sikulia. Msibani watu wote walilia, mie nlikuwa nashughulika na viti. Lazima mtu mmoja ashughulike na viti.

Sasa nchi haina Rais. Mie Katibu, neno la siri la nchi ninalo mie. Kwa haki kiti ni changu. Lakini yuko Gharib!

Gharib anauza simu Darajani. Kila anayenunua simu kwake, Gharib anamfungulia ukurasa Urojo na kumwandikisha uraia, bure, pamoja na kava. Watu wenyewe hawajui kama wana nchi ya pili. Lakini maneno yao ya siri anayo Gharib, na siku ya uchaguzi wote wanaamka, wanampigia amtakaye Gharib, wanarudi kulala. Ati demokrasia!

Dawa yake ni katiba. Urojo haijawahi kuwa nayo. Junaid alikuwa akisema sisi wenyewe kwa wenyewe, katiba ya nini. Upole ulimzidi yule bwana.

Jioni nimepita kwa mama yake, Bi Mwanamwema. Nimemkuta na simu ya Nadra, binti yake. Kila Ijumaa Junaid alikuwa akirikodi Habari za Jamhuri, na zote zimo kwenye ukurasa wake. Bibi hajui mchezo wala nini. Anajua picha ya bakuli tu. Analigusa, na mwanawe anasema: wananchi wa Urojo, asalaam alaykum, tulieni, kila mtu bakuli lake litamfika. Anacheka peke yake. Kisha analigusa tena.

Nikatoka nje kuangalia pikipiki yangu. Haikuwa na kitu.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeandika rasimu kazini. Nafanya kazi mapokezi, kwenye nyumba ya wageni Mji Mkongwe, na kompyuta ya pale haina kazi kubwa. Ibara ya kwanza: Urojo ni nchi moja. Ibara ya pili: Rais awe mtu aliyewahi kuwa Katibu. Ibara ya tatu: Rais awe mkaazi wa Kikwajuni, mwenye pikipiki. Nikaisoma tena ya tatu, nikaona imezidi. Nikafuta pikipiki.

Mgeni wa chumba cha juu kashuka kusema maji hayatoki. Nimemwambia asubiri kidogo, niko kwenye haki za binadamu.

Bwana Ahmada, mwenye nyumba, kaja akasoma nyuma ya bega langu. Kauliza Katibu analipwa na nani. Nimemwambia ni kazi ya kujitolea. Kasema basi hata hii ya mapokezi anaona naifanya kwa kujitolea, na mwisho wa mwezi atalikumbuka hilo. Watu hawana heshima na sheria mama!

Swala ya Ijumaa nimekwenda peke yangu. Junaid alikuwa akifika mapema, ananiwekea nafasi kwa leso yake, ile ya bluu yenye alama ya pasi. Leo nimechelewa kama kawaida, na leso haikuwepo. Nimeswali nje kwenye jua la kaskazi. Nimeumia, na si kwa jua.

Alasiri nikatuma rasimu kwa raia wote. Majibu yakaanza kuingia. Inshaallah. Inshaallah. Inshaallah, Makungu. Nimezaliwa mji huu, naijua Inshaallah ya namna hiyo. Ni ya mtu anayefunga mlango taratibu ili usisikie kitasa.

Jumamosi, 17 Januari

Gharib kaita raia wote wa Unguja nyumbani kwake kwa mashauriano. Kahamia Fumba, zile nyumba mpya. Nimekwenda kama mpelelezi, nimevaa miwani ya jua na kofia ya mtu mwingine. Gharib kaniita kwa jina nikiwa bado barabarani.

Biriani. Juisi ya ukwaju. Vigae! Kila raia aliyeingia aliuliza vigae kavitoa wapi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza katiba. Hivyo ndivyo nchi zinavyouzwa.

Kisha kasoma rasimu yake. Fupi, ya kuudhi. Kila raia kura moja, aliyepo na asiyepo. Na ibara ya mwisho: ukurasa wa mwasisi, marehemu Junaid, uhifadhiwe, usiguswe na yeyote.

Nikasimama. Nikasema hapana! Hiyo hila. Ukurasa ukihifadhiwa una kura yake, na kura ya marehemu ataipiga nani? Gharib! Kasema wallahi hakufikiria kura. Alifikiria zile sauti tu, kwa sababu mama yake anazisikiliza. Nimemwambia asijifiche nyuma ya mama wa watu. Mtu mmoja akaomba limau.

Gharib akaitoa ibara ile mwenyewe. Kasema hataki ugomvi kwa jina la marehemu. Woga huo! Nimerudi Kikwajuni kifua mbele. Nilipofika Mazizini nikasimamisha pikipiki nimpigie Junaid nimsimulie, maana yeye ndiye ninayemsimulia. Nshatoa simu. Nshalitafuta jina lake. Ndipo nikakumbuka.

Nikakaa pale pembeni mpaka injini ikapoa.

Jumatatu, 19 Januari

Nimepata! Nimepata nikiwa nammiminia mgeni chai, na nyingine ikaenda sahanini.

Ibara ya Watoro. Raia yeyote asiyeonekana ndani ya nchi kwa muda mrefu afutwe, yeye na ukurasa wake na kila alichokiweka humo. Wale wateja wa simu wa Gharib hawajaonekana tangu uchaguzi wa mwaka juzi. Kwaheri! Na mtambo wa mchezo utekeleze wenyewe, bila ya kumuuliza mtu, ili Gharib asije na machozi yake.

Muda gani? Nikaandika siku arobaini. Namba ilikuja yenyewe, nafikiri kwa sababu wiki hii kwa kina Bi Mwanamwema hawazungumzi jengine. Alhamisi ni arobaini ya Junaid.

Nadra kaja mpaka kazini kwa jambo hilo hilo. Kaniomba sufuria kubwa la pilau na mikeka. Kisha kaniomba na jengine. Kasema mama yake siku hizi hagusi chakula mpaka amsikie mwanawe, na yeye Nadra anaogopa, simu inaweza kuharibika, mchezo nao unaweza kufungwa. Kasema nimsaidie kuzihamisha zile sauti pahala pa salama, mie ndiye ninayejua mambo hayo.

Nimemwambia Ijumaa, inshaallah. Wiki hii nna taifa mikononi.

Kanitazama. Kasema ahsante, kaka Makungu. Laiti raia wote wangekuwa waelewa kama yeye.

Jumatano, 21 Januari

Aibu. Nimehangaika mji mzima kutafuta sufuria, nikalipata kwa shangazi yangu, nikalifunga nyuma ya pikipiki kwa kamba ya kuanikia nguo. Michenzani kamba ikakatika. Sufuria likabiringika katikati ya barabara, gari zikasimama, wanafunzi wakapiga makofi. Nimelifikisha limebonyea upande.

Nakuta Gharib keshafika! Kaja na masufuria mawili, makubwa kuliko langu, na gari zima la mikeka. Kavua shati, kabaki na fulana, anatandika. Bi Mwanamwema anamwombea dua kwa sauti ili jirani wasikie. Langu likawekwa kando kwa ajili ya kachumbari.

Nimemwambia Nadra kwamba yule anafanya kampeni. Nadra kasema Gharib ndiye aliyemfumba Junaid macho siku ile, mie nlikuwa kazini simu imezimwa. Nilikuwa silijui hilo. Sikulipenda. Nikaenda kukata vitunguu, na nashukuru vilikuwa vitunguu.

Alhamisi, 22 Januari

Hitma imesomwa baada ya alasiri. Mwalim wetu wa chuoni kaongoza, mzee sana sasa, sauti bado ile ile. Juzuu zikagawiwa. Mie nikapata ya Amma, sura fupi fupi, nikamaliza kabla ya wenzangu na nikapata nafasi ya kutazama.

Raia wote wa Unguja walikuwepo! Chumba kimoja, simu mifukoni, pilau inanukia uani. Na nyumba ya msiba! Nani atabishana kwenye nyumba ya msiba? Nani atanyanyua sauti mama wa marehemu yuko nyuma ya pazia? Na Gharib mkononi ana simu yake moja tu, hawezi kuwaamsha waliolala. Nikaona Mungu kanifungulia mlango, na sufuria wala si kitu.

Mwalim akamaliza dua. Kabla masinia hayajaingia nikasimama. Nikasema kama kweli tunampenda Junaid, tuipe nchi yake katiba leo, mbele ya mama yake. Raia watoe simu, wabonyeze Ndiyo. Wazee wasiojua kitu wakaitikia amin. Bi Mwanamwema, ndani na wanawake wenziwe, akaitikia amin kwa nguvu. Mwalim akanitazama kwa jicho lile la bakora.

Gharib alikaa karibu na mlango. Akaisoma. Akasoma pahala pamoja mara mbili. Akakunja uso, akafungua mdomo. Kisha akalitazama pazia. Akaufunga mdomo. Akabonyeza, na wote wakabonyeza, hakupinga hata mmoja! Nikamalizia mie: ianze kutumika sasa hivi.

Masinia yakaja, watu wanne sinia moja. Letu tulikaa watatu. Kila mtu alikula upande wake, na ule upande wa nne pilau ikabaki vile ilivyotoka jikoni, na nyama yake juu. Hakuna aliyeunyooshea mkono. Pilau ilikuwa tamu. Nimeshindwa kuimaliza.

Ijumaa, 23 Januari

Rais! Kwa Ibara ya pili, aliyewahi kuwa Katibu ni mmoja tu, basi hata uchaguzi hauna haja. Mtambo umefanya kazi yake alfajiri. Nimefungua orodha ya raia, wale wa Gharib hamna, wote, kurasa, mali, maneno. Sahani imelambwa! Nimemjulisha mgeni wa chumba cha juu kwamba anazungumza na Rais. Kasema maji bado.

Nlikuwa katikati ya hotuba Nadra aliponipigia. Kasema mama kaligusa bakuli, halisemi. Nimemwambia azime simu aiwashe. Kasema keshaizima, keshaiwasha. Kasema bakuli lenyewe halipo, na pale penye picha ya kaka yake pameandikwa: raia huyu amefutwa kwa mujibu wa Katiba.

Nikakaa chini, sakafuni, nyuma ya meza ya mapokezi.

Mara ya mwisho Junaid kuingia Urojo ilikuwa asubuhi ya siku aliyokufa. Jana arobaini yake. Mtambo haujui kufa. Unajua kutokuonekana tu.

Nimewaandikia wenye mchezo. Nimeanza kwa adabu, nikaja kwa ukali, nikaishia kuomba. Wamejibu kwamba kilichofutwa kwa katiba ya raia wenyewe hakirudi. Wakanipongeza kwa kupata katiba.

Kosa la Gharib! Angesema! Aliisoma, aliiona, mdomo aliufungua. Mtu mzima anaona hatari ananyamaza kwa adabu! Nimempigia nimweleze hivyo hivyo. Nikasikia analia, Gharib yule, mwenye vigae. Nikakata simu.

Kwa Bi Mwanamwema sikufika. Nimefika kwenye kona ya nyumba yao, nikageuza.

Jumapili, 25 Januari

Nimemuuliza kila raia kama kaweka hata sauti moja ya Junaid. Hakuna. Kila mtu alijua ziko, nani angeweka? Mkadam, wa Maskati, kasema anayo, nikaruka. Kaileta. Ni yeye Mkadam anazungumza mwanzo mpaka mwisho habari ya joto la huko, na kwa mbali kuna mtu anakohoa. Mkadam anafikiri ni Junaid. Nimekisikiliza kikohozi kile mchana kutwa. Sijui. Namtaka awe yeye, lakini sijui.

Jioni nikajikaza, nikaenda. Shikamoo Bibi. Marahaba mwanangu, mbona umepotea. Nikamwambia mtandao umeharibika, umeharibika dunia nzima. Nadra aliyekuwa anapepeta mchele akanitazama, akachukua ungo wake akatoka. Bibi kasema si neno, vya kwenye simu ni vya kwenye simu. Kasema anachoogopa ni kusahau ile sauti, maana ya baba yake Junaid keshaisahau, na walikaa pamoja miaka.

Kisha kauliza kama mie naikumbuka anavyosema. Nikasema naikumbuka. Kasema basi sema.

Nikasema. Wananchi wa Urojo, asalaam alaykum, tulieni, kila mtu bakuli lake litamfika. Nikaibana pua kidogo, maana Junaid mafua hayakumwacha maisha yake yote. Nikaivuta ile tulieni, kama alivyokuwa akiivuta.

Bi Mwanamwema alikuwa kafumba macho. Kasema siye. Kisha kasema, lakini sema tena.

Nikasema tena. Kwenye tulieni sauti ikakatika, nikalia. Nimelia vibaya, kwa kwikwi na makamasi, juu ya mkeka wa Gharib ambao bado hawajaurudisha. Kilio chote cha siku ile ya viti kimetoka leo. Namtaka Junaid. Namtaka aje aninyang'anye hii nchi, anicheke, aniwekee nafasi msikitini. Yule bibi ndiye aliyenibembeleza mie. Kaniambia basi baba, tulia, na wewe bakuli lako litakufika.

Jumatano, 28 Januari

Raia wote wamehama Urojo. Gharib kaondoka wa mwanzo, bila neno, na wenzake nyuma yake. Nimebaki peke yangu, Rais na wananchi. Nimejipigia kura ya imani, nimeshinda.

Kila asubuhi kabla ya kazi napita kwa Bi Mwanamwema namsomea Habari za Jamhuri. Za zamani zikiniishia natunga mpya. Jana nimemtangazia kwamba bajia zimeshuka bei na mawaziri wote wametoroka. Kacheka. Akala mkate na chai, akaomba na mwengine.

Leo nimefungua nchi nyingine, Jamhuri ya Junaid. Bendera bakuli lile lile. Raia wa kwanza mie, ambaye ndiye Rais kwa Ibara ya kwanza. Raia wa pili nimemwandikisha Junaid mwenyewe, na picha yake nimeiweka, ile ya kanzu ya Idi, akae humo siku zote asiguswe na mtu. Nimempelekea Bi Mwanamwema aione. Kaigusa picha kwa kidole. Kasubiri kidogo. Kisha kanirudishia simu.

Mchana Nadra kaja kazini. Kasema anataka kunirikodi nikisema zile Habari, japo zangu, ili mama awe na kitu siku ambayo mie sikufika, maana ya Mungu hayajulikani. Nimemwambia Ijumaa, inshaallah. Wiki hii nna taifa mikononi. Leo hakusema ahsante.

Lakini afahamu hali ilivyo! Gharib kaandika anaomba kuingia kwenye nchi mpya. Ati hataki cheo, ati kwa ajili ya Junaid tu. Namjua mie yule! Akiingia yeye, kesho Darajani nzima iko ndani. Basi Ibara ya Watoro nimeirudisha, neno kwa neno, na mtambo utekeleze wenyewe. Nimerekebisha pahala pamoja tu. Arobaini zilikuwa nyingi mno. Nimeweka thelathini.